Injini Ngeni Katika Ukungu

Kisiwa cha Tarbell,
Maine.
Jumapili, 27 Oktoba 1918

Baba Mdogo Hollis mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama Mdogo Effie, na kuwasalimu wadogo zangu wote wawili. Tunasikia homa hii mpya imefika hadi huko Tacoma, na kwamba watu wanatembea barabarani wamejifunga vitambaa puani. Niambie hali yenu kwa ukweli. Usinifiche kwa kuogopa kunitia wasiwasi, maana nikifichwa ndipo ninapowaza mabaya zaidi. Kifua cha Mama Mdogo kinaendeleaje? Na wewe, bado unasimama kutwa kwenye baridi ya kiwanda cha meli?

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Homa imeingia bara, shule zimefungwa, na hakuna abiria anayeshuka kwenye boti ya barua bila Bi Zulma Pinkham wa posta kumtazama ulimi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Baba anakohoa kikohozi chake cha siku zote. Ndugu yangu Merle bado amelala jikoni, mguu umefungwa mbao, lakini daktari anasema mfupa umeshika na atatembea, ingawa atachechemea.

Kambakoche mwaka huu ni wengi, wa kuwatega ni wachache. Vijana wote wamo jeshini. Baba ameshusha madema nusu tu ya yale aliyoshusha mwaka jana.

Barua hii sikuitia kwenye posta ya hapa. Unajua posta ya hapa ni nani. Nimempa nahodha wa boti ya barua mkononi, naye ameapa ataiweka posta mwenyewe akifika Rockland. Nimeweka nta kwenye mkunjo wa bahasha. Ukikuta imevunjika, niandikie unijulishe, nami nitajua la kufanya.

Sasa nije kwenye barua yako.

Ilifika mwanzoni mwa mwezi huu. Baba aliisoma akiwa amesimama, akanipa niisome, kisha akaiweka nyuma ya saa ya ukutani, na hapo ipo hadi leo. Unamwuliza kama ni kweli alisikia boti ikija katika ukungu, mwanawe mwenyewe akiwa ndani, akazuia baragumu kwa kinyongo mpaka ikapanda mwamba. Unasema kama ni kweli, hutamwita tena kaka.

Baba hatakujibu. Si kwamba amekasirika. Hajui aanzie wapi. Nakujibu mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama kando yake siku ile. Nakuomba radhi kwa kuchelewa. Ungeniuliza mwezi uliopita nisingekuwa na jibu, kwa kuwa na mimi nilikuwa nikimshuku.

Sisemi kwamba wewe huijui boti. Mliijenga pamoja, na mahali mkono wako ulipoteleza kwa patasi bado panaonekana chini ya sitaha. Lakini hukuwapo ilipochukuliwa, na nadhani uliyoandikiwa hayaanzi mwanzo.

Jeshi la majini lilipokuja kutafuta boti za watu binafsi, mwezi wa Mei mwaka jana, lilitaka zenye mbio kwa ajili ya doria. Walichukua yoti mbili za matajiri wanaokuja kiangazi tu, zile nyeupe zenye pazia madirishani, na wakaitaka na *Lovina* yetu, yenye jina la Mama. Merle ndiye aliyemshawishi Baba. Angejiandikisha aende nayo, aendeshe mota yake mwenyewe, badala ya kupelekwa Ufaransa kwenye mahandaki. Baba alikubali kwa sharti moja tu, kwamba jina libaki. Ofisa wa siku ile alisema hakuna shida, mzee.

Wakaipaka rangi ya kijivu, wakaiwekea mzinga mdogo mbele, wakaandika herufi mbili na namba. Jina walilipaka rangi juu, na Baba akavumilia. Alisema rangi hukwanguliwa. Lakini majira ya kuchipua mwaka huu waliipeleka karakana, wakatoa mota ya zamani na kuweka ya silinda nne, na fundi mmoja huko, kwa kutaka mbao ziwe laini, akalipiga randa jina la Mama likaisha kabisa.

Merle alikuja likizo ya siku mbili akatuambia mezani. Habari ya mota aliitoa kwa furaha, akiiga mbio zake kwa mkono juu ya kitambaa cha meza. Habari ya jina aliitoa akitazama sahani.  Asubuhi yake Baba alishuka dukani penye posta, na mbele ya Bi Zulma na watu wanne waliokuja kuchukua barua, akasema, "Boti ile si yangu tena. Hata ikija kubisha mlangoni, sitaijua."

Nadhani maneno hayo yamekufikia. Yamefika kila mahali. Yangekuwa na mabawa yangefika Berlin.

Usisahau pia majira yenyewe yalivyokuwa. Kiangazi chote hiki hatukumwamini mtu. Kulikuwa na mchoraji mmoja mwenye ndevu aliyepanga nyumba ya Ames. Alichora mnara wa taa, na mabaharia wawili wakaja kumchukua pamoja na picha zake. Baada ya wiki wakamrudisha, picha wakabaki nazo. Bi Zulma alikuwa akitazama nguo zake kwenye kamba kwa darubini. Alisema mchoraji ameanika soksi kwa mpango, kuwapa Wajerumani ishara. Mkate wa Bi Ames ulipotea dirishani ulipokuwa ukipoa, na kisiwa kizima kikakubaliana kwamba Mjerumani ameshuka usiku kuja kuula. Mimi nadhani ni mbwa wa Ames, lakini niliufunga mlango wetu kwa komeo, jambo ambalo hatujawahi kulifanya tangu nizaliwe.

Halafu ilipofika Agosti haikuwa mzaha tena. Nyambizi ilizamisha skuna za wavuvi huko nje. Watu walifika nchi kavu kwa makasia, midomo imepasuka kwa chumvi. Walisimulia kwamba Wajerumani waliwanyang'anya vyakula na kuwauliza habari za bandari. Siku ya pili yake uvumi ukazuka kisiwani kwamba wameteka na boti ya mota, na wanaitumia kuingia vihorini, kwenye ghuba zetu ndogo, kutafuta petroli. Nani aliuleta, sijui. Nilimwuliza kila mtu, na kila mtu aliusikia kwa mwenzake.

Habari za baragumu sina haja ya kukueleza wewe, ulilipuliza kabla sijazaliwa. Lakini Mama Mdogo hakukulia hapa, na najua utamsomea barua hii, kwa hiyo namweleza yeye.

Mama Mdogo, kila nyumba ya pwani hapa ina baragumu la bati na mlio wake. Wetu ni mirefu miwili na mfupi mmoja. Ukungu ukishuka, aliye nyumbani hutoka kusikiliza. Akisikia mota ya mtu wake hupuliza, na aliye baharini huelekeza boti kwenye sauti na kuingia salama kando ya Mwamba wa Kondoo. Hupulizi kwa mota usiyoijua. Anayekwenda kwa Pinkham akilifuata baragumu letu atapanda mwamba. Ndiyo maana watoto hapa hujua sauti za mota kabla ya kujua alfabeti. Ya Pinkham hukohoa. Ya mzee Ames huruka pigo moja kila baada ya matatu. *Lovina* ilikuwa ikilia kama mtu anayepanda ngazi na ndoo mbili. Nilikuwa naisikia nikiwa usingizini, nikaamka na kuweka birika jikoni kabla Baba hajafunga kamba kwenye boya.

Siku ya tukio ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa naanua nguo kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia mzito, hata banda la boti silioni. Ndipo nikasikia mota. Ilikuwa nzito, mfululizo, bila pigo la kuhesabika, kama nyuki ndani ya pipa. Sikuwahi kuisikia mota kama hiyo katika maji yetu.

Baba akatoka bandani, randa bado mkononi. Akasimama akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima. Mimi kwa mazoea nilikuwa nimeshalitungua baragumu msumarini. Akaweka mkono juu yake.

"Wacha."

"Baba, kuna mtu huko."

"Nasikia. Unamjua?"

"Simjui."

"Basi."

Upande wa pili wa kihori Bi Zulma naye alikuwa amesikia. Hatukumwona, lakini sauti yake haihitaji kuonekana. Akamwita Baba kwa jina.

"Elbridge! Unasikia huyo?"

"Nasikia!"

"Ni wa kwako?"

"Simjui!"

"Hata mimi simjui! Basi funga mdomo, na mwambie binti yako asiguse hiyo bati! Watakunywa petroli yako na chai yako!"

Tukanyamaza wote. Mota ikapunguza, ikatulia kidogo, ikaongeza tena. Ilikuwa ikija moja kwa moja. Nakumbuka nilimwangalia Baba usoni nikaona anasikiliza kwa bidii sana, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Niliona hivyo wakati ule. Baadaye nilijiuliza kama ni kweli niliona, au nilitaka kuona.

Kisha mbao zikalia juu ya mwamba. Mota ikapiga kelele, ikazimika. Na katika kimya kile ikatoka sauti ya Merle, karibu kuliko nilivyodhani, akiita, "Baba! Puliza! Baba, puliza!"

Baba aliiangusha randa. Sijamwona akikimbia namna ile. Alikuwa ndani ya mtumbwi wa makasia kabla sijafika ufukoni, bila kofia, bila viatu vya mpira. Mimi nikapuliza mpaka midomo ikatoka damu, ingawa palikuwa hapana tena wa kumwongoza isipokuwa yeye.

Aliwatoa wote sita. Merle alikuwa ameruka kuisukuma boti kwa mabega isilalie ubavu, ikamlalia mguu. Alipolazwa kwenye kokoto alikuwa mweupe kama chokaa, lakini alikuwa na akili zake.

"Ulikuwa wapi?" akamwuliza Baba.

"Nilikuwa hapa."

"Ulisikia?"

Baba angeweza kusema mengi. Angeweza kusema sikuijua, angeweza kusema tulidhani ni adui. Unamfahamu kaka yako. Aliulizwa kama alisikia, akajibu alichoulizwa.

"Nilisikia."

Merle akageuza uso. Tangu siku ile hakumsemesha.

Merle alinieleza mimi baadaye, vipande vipande. Petroli ilikuwa inakwisha na ukungu umewafunika. Amri yao ilikuwa wasipige honi wala kengele, kwa sababu walikuwa wakisikiliza nyambizi. Luteni wao, kijana anayeitwa Farrand, alitaka watie nanga nje wasubiri. Merle akamwambia hapana, nyumbani ni hapo tu, tuingie. Baba yangu atatupulizia. Luteni akawa anauliza kila mara, tuko karibu? Na Merle akawa anajibu, "Bado, bwana. Mzee hajapuliza. Tungekuwa karibu angepuliza. Mzee hakosi."

Unaona, Baba Mdogo? Kwa kutosikia baragumu alijua kwa hakika kwamba bado yuko mbali. Kwa hiyo akaongeza mwendo.

Na haikumpitia akilini, wala haikutupitia sisi, kwamba tangu mota ile ibadilishwe haijawahi kuingia kihorini kwetu.

Nimesema haikutupitia sisi, na Baba akiwemo. Hapo ndipo shaka yangu ilipolala kwa wiki nyingi, na sitakuficha. Baba aliambiwa habari ya mota mpya, mezani, nami nikiwepo. Je, mtu aliyejenga boti kwa mikono yake, anayetambua boti ya mzee Ames kwa pigo lililokosekana, hawezi kuwaza: kuna mota ngeni inakuja moja kwa moja mlangoni kwangu, na boti yangu ina mota ngeni? Niliweka mambo hayo mawili kando kwa kando kila nilipokuwa naosha vyombo. Na maneno yake ya dukani yalikuwa yamekaa hapo katikati.

Maofisa wawili walikuja kuhoji. Walikaa jikoni, wakala pai ya tufaha vipande viwili kila mmoja, wakauliza kwa upole unaotisha. Baba aliwaambia, "Niliisikia. Sikuijua." Wakauliza kama aliwahi kusema hadharani kwamba hataijua. Akasema ndiyo. Wakatazamana. Mimi nikaulizwa, nikasema nami sikuijua, na mmoja akaandika kwa ufupi sana, kama mtu anayeandika kwamba binti anamtetea babaye.

Bi Zulma aliwaambia kwamba yeye aliitambua mara moja. Ndiyo, yeye huyo. Alipoulizwa kwa nini basi hakusema, akajibu si kazi yake kuingilia mambo ya nyumba ya mtu. Nilikutana naye njiani jioni ile.

"Bi Zulma, ulipiga kelele kwamba humjui. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Mwanangu, ukungu hugeuza sauti."

"Uligeuza na chai? Maana ulisema watakunywa chai yetu."

"Una mdomo kama wa marehemu mama yako," akasema, akaendelea na safari yake. Nililichukulia kuwa sifa.

Sitakuuliza nani alikuandikia. Nasema tu kwamba mtu yule alikuwa amesimama umbali ule ule tuliosimama sisi.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Merle alilazwa jikoni kwa sababu ya joto la jiko, na Baba hufuma nyavu za madema jikoni kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo walikaa pamoja kutwa. Merle alisema, "Almeda, mwambie mtu anayekaa dirishani anipishe mwanga." Nami nilimwambia mtu anayekaa dirishani, aliyekuwa karibu naye kuliko mimi. Baba alisogea.

Maji yakipwa Baba alikuwa akienda peke yake kwenye Mwamba wa Kondoo. Nilimshuku hata kwa hilo. Siku moja nilimfuata, nikajibanza nyuma ya mawe kama jasusi wa magazetini. Alikuwa akiokota vipande vya mbao vilivyovunjika, akivitia kwenye kikapu kimoja kimoja. Nilirudi nyumbani nisijue nimeona mtu mwenye huzuni au mwenye hatia. Kwa nyuma wanafanana.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo jibu lako.

Jumamosi iliyopita siku nane, tarehe kumi na tisa, ukungu uliingia asubuhi. Maharagwe yalikuwa tanurini tangu alfajiri. Baba alikuwa dirishani na sindano yake ya nyavu, Merle kitandani anasoma gazeti kuukuu mara ya tatu. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu.

Mota ikasikika nje.

Mimi niliacha kisu. Merle akainua kichwa kutoka kwenye mto, akafumba macho, kama tufanyavyo sote.

"Nani huyo?" akasema.

 Nilikuwa nimemtazama Baba, na Baba ametazama nyavu zake.

"Si Pinkham," akasema Merle. "Si boti ya barua. Almeda, unasikia? Anakuja huku huku." Akajiinua kwa viwiko. Nilikuwa nimeshaanza kusogea kuelekea mlangoni lilipo baragumu. "Wewe! Usiliguse hilo. Unampulizia nani? Mimi simjui huyo."

Sindano ya Baba ilisimama.

"Ni yako," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti kumwambia neno bila kupitia kwangu. Merle akamtazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema.

"Ni yako, Merle. Ile ya silinda nne. Mimi niliisikia mara moja tu, na siwezi kuisahau."

Merle alisikiliza tena. Niliona uso ukimpauka. Miezi yote ile alikuwa amekaa juu ya mota hiyo, akiilisha mafuta, akiisikia kwa nyayo. Kila boliti yake anaijua kwa vidole gizani. Lakini ilipopita yeye alikuwa ndani yake siku zote. Hakuwahi hata siku moja kusimama nchi kavu akaisikia ikija. Kutoka jikoni kwetu, ndani ya ukungu, ilikuwa mota ya mtu asiyemjua, na neno lake la kwanza lilikuwa usipulize.

Baba akaweka nyavu chini, akatoka, akalitungua baragumu. Nikasikia mirefu miwili na mfupi mmoja. Merle alikuwa amekaa wima, mkono umeshika ukingo wa kitanda, akisikiliza mota ikija, ikikaribia, ikija zaidi. Baba alinyamaza kidogo kuvuta pumzi. Kifua chake si cha zamani.

Ndipo Merle akapaza sauti mpaka madirisha yakatetemeka.

"Puliza tena, Baba! Wako karibu na mwamba! Puliza!"

Na Baba akapuliza.

Waliingia salama. Alikuwa Luteni Farrand na wenzake. Boti imetoka matengenezo, imetiwa mbao mpya ubavuni, na walikuwa wamemletea Merle mfuko wake wa nguo. Luteni alisimama mlangoni akikung'uta maji kofiani, hajui atuangalie nani, akasema, "Safari hii tumelisikia, mzee." Baba akamwambia akae, maharagwe yameiva.

Walikula wote.  Merle alisema, "Nipitishie mkate," na Baba akampitishia mkate. Nilienda nje nikalia kidogo karibu na kamba ya nguo, kisha nikarudi kuwaongezea chai.

Bado nawashuku wengi, Baba Mdogo. Namshuku aliyeupiga randa ubao ule bila kuuliza. Nawashuku maofisa waliokula pai yangu, maana hawajatuletea jibu hadi leo, ingawa Luteni ameahidi kuwaambia aliyosimuliwa. Namshuku Bi Zulma hata akiniambia kumekucha. Lakini kaka yako simshuku tena. Alisikia mota ngeni na hakupuliza, kama mwanawe alivyotaka tusipulize, kama wewe ungefanya, na kama mimi nilivyofanya nikiwa na baragumu mkononi.

Vile vipande vya mbao alivyookota nimevijua sasa. Alikuwa akivitafutia kimoja kipana cha kutosha. Amekipiga msasa, na juzi amemkabidhi Merle kisu achonge herufi za jina la Mama, kwa kuwa mkono wake mwenyewe unatetemeka. Wamefika herufi ya nne. Vita vikiisha na boti ikirudi, watakipigilia nyuma.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwandikie Baba wewe mwenyewe, usipitishie kwangu wala kwa mtu mwingine. Andika chochote, hata habari za mvua za huko. Ila anza na neno Kaka, na uliandike kubwa, macho yake yamepungua.

Merle anawasalimu sana, na anauliza kama kweli samaki wa huko hupanda mito kwa kuruka. Bi Ames anamsalimu Mama Mdogo. Mchoraji wetu mwenye ndevu naye anakusalimu ingawa hakujui. Sasa hivi anachora jikoni kwetu, na nimezihesabu penseli zake. Bi Zulma angekusalimu pia, kama angejua kwamba naandika.

Mungu awalinde na homa, awape pumzi nzuri vifuani, na atukutanishe tena mezani siku ya Jumamosi, maharagwe yakiwa bado moto.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kama siku uliyonibeba mabegani kuniaga gatini,

Almeda Condon